Ua Lililofungwa kwa Fulana ya Mwanangu

Aliyenieleza jambo hili kwanza ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Alinieleza mchana kweupe, mimi nikianua nguo. Yeye ni mtunza maua. Kwenye banda anakofanya kazi wanakuza okidi zilizotoka visiwa vya Karibi, maua yasiyopandwa udongoni. Hufungwa juu ya kipande cha gome, mizizi ikae nje ipate hewa. Kila asubuhi hunyunyiziwa maji, kisha lazima yakauke. Yakilala na maji yanaoza.

"Kibonge anaendeleaje?" aliniuliza.

Niligeuka amwone mgongoni. Mwanangu tulimwita Kibonge kwa mashavu yake, lakini mashavu hayo yalikuwa yamekwisha. Kila asubuhi alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Hospitali walisema mapafu ni mazima. Nilikuwa sijui tena nimpeleke wapi.

Wifi akashusha sauti. "Unakumbuka fulana yake kuukuu, uliyonipa nifanye tambara?"

"Nakumbuka."

"Niliichana. Kulikuwa na ua moja linakufa, na kamba laini zimekwisha. Nikalifungia kwa fulana."

"Sasa?"

"Limepona, wifi. Limepona kuliko yote." Akatazama chini. "Nikilinyunyizia, nasikia kikohozi."

Wifi yangu ni mtu wa mizaha. Aliwahi kuniapia kwamba mume wangu alikojoa kitandani mpaka darasa la tano. Nikamsubiri acheke. Hakucheka.

Tulikwenda bandani saa hiyo hiyo. Msimamizi wa banda alikuwa mlangoni akijipepea kwa kofia. "Umetuletea kibarua mpya," alimtania wifi, "au kibarua ni huyo wa mgongoni?"

Tukampita.

Ua lilining'inia peke yake mwisho wa banda. Majani yalikuwa manene, yamenona. Mizizi ilikuwa imeizunguka fulana na mingine imepenya ndani ya nyuzi zenyewe, hata sikuweza kuona kitambaa kinaishia wapi. Nikasogeza sikio.

Kulikuwa na mlio. Mwembamba. Kama kifua cha mtoto mwenye mafua.

"Lete mkasi," nikanong'ona.

"Wifi, mizizi ikishashika haitoki. Ukivuta inakatika."

"Lete."

Nikakata mzizi mmoja.

Mgongoni, Kibonge akanyamaza. Nikamshusha mbio. Macho yalikuwa wazi, yananitazama. Kifua hakikwenda. Nikampuliza usoni. Nikamtikisa. Nikamwita. Kifua hakikwenda.

Wifi alinyakua chupa ya maji akalinyunyizia ua. "Shika, baba," alikuwa akiliambia ua. "Shika, baba, shika."

Kibonge akakohoa. Kisha akavuta pumzi.

Msimamizi alitukuta tumekaa sakafuni. Wifi akamwambia ua limeoza, tunakwenda kulitupa. Nililibeba kwenye beseni mpaka nyumbani, nikitembea taratibu kuliko nilivyowahi kutembea na mimba. Chumbani nikalitundika ukuta wa mbali na kitanda. Niliogopa likae karibu naye.

Asubuhi yake niliamshwa na ukimya. Kibonge alikuwa ukingoni mwa kitanda, amelala, mkono ameunyoosha kuelekea ukuta ule. Alipumua kwa shida, kama kitu kinachovutwa.

Chini ya ua kulikuwa na mstari wa maji. Mwembamba kama uzi. Ulikuwa umepita sakafuni, umenyooka, mpaka kwenye mguu wa kitanda. Kwingine kote chumba kilikuwa kikavu. Nikaugusa kwa kidole.

Ulikuwa na joto.

Sikumwita mtu. Nilichota maji, nikalinyunyizia ua, jani kwa jani. Kisha nikashika kitanda, mwanangu akiwa juu yake, nikakisukuma mpaka kikagusa ukuta ule. Akakohoa. Pumzi yake ikatulia.