Wageni wa Bi Mkasi

Siku moja kabla ya shule mpya kufunguliwa, mwalimu wa hesabu aliingia Kidato cha Kwanza B kubandika ratiba ukutani. Huko alikotoka wanafunzi walimpachika jina la Bi Mkasi, maana maksi alizikata bila huruma. Rangi ilikuwa mbichi, viti bado vina nailoni. Akiwa amevipa viti kisogo, akasikia vyote arobaini vikikwaruza sakafu kwa pamoja, kama darasa linavyosimama kumwamkia mwalimu.

"Kaeni," akasema bila kugeuka. Mazoea yana taabu.

Vikakwaruza tena. Alipogeuka, darasa tupu. Akajicheka, akaenda zake kunywa chai. Laiti angalijua!

Wiki ya pili, saa nne asubuhi, jua linawaka, kengele ya mapumziko ikalia. Binti wa Bi Mkasi, mtoto wa pekee aliyempata baada ya mimba tatu kuharibika, alisoma darasa hilohilo. Siku hiyo hakuinuka. Wenzake wakamvuta, wakidhani utani. Walimu wanne wa kiume wakamshika kwapani mpaka wakatoka jasho, hakusogea hata kidole. Alitazama ubao tu, na mdomoni mwake ilitoka harufu ya nywele zilizoungua. Mkuu wa shule akawaambia wazazi ni malaria. Malaria gani hiyo, jamani?

Mlinzi ndiye aliyemleta mganga, mwanamke mwembamba mwenye miwani. Aliishia mlangoni.

"Mwalimu, nani aliwaambia wakae?"

"Mimi," Bi Mkasi akanong'ona.

"Basi ni wageni wako, siwezi kuwafukuza mimi. Waruhusu wewe waende zao. Lakini sikiliza, dada: kwanza mwite mwanao kwa jina la nyumbani, mpaka aitike. Akishaitika, ndipo uwaruhusu hao. Usije ukatanguliza."

"Nimeelewa."

"Hebu rudia."

Akarudia yote.

Akaingia. Hatua ya tatu tu, viti vikakwaruza nyuma yake, halafu mbele yake, halafu kila upande, na hewa ikajaa pumzi za watu asiowaona, pumzi za moto zilizomgusa shingoni na masikioni, na ile harufu ikamkaba koo, na kila alipofungua kinywa aite Kipusa, jina alilomwita mwanawe tangu ananyonya, ulimi ukakauka, mpaka akahisi vidole vidogovidogo vikishika sketi yake, vikipanda mgongoni, uoga ukamshinda, akapiga ukelele:

"Tokeni! Wote tokeni!"

Wakatoka, nyayo zikimpita huku na huku. Ndipo alipomwona Kipusa akiinuka, akakumbatia daftari lake, akawafuata. Na Kipusa mwingine alikuwa bado ameketi kwenye dawati, akipepesa macho.

"Kipusa! Rudi, mama! Si wewe, mwanangu, sikukwambia wewe!"

Akakimbilia mlangoni. Uwanjani palikuwa na jua na mganga peke yake.

"Umesema wote," mganga akasema, akavua miwani kujifuta machozi. "Na mwanao ni mtoto msikivu."

Yule wa kwenye dawati sasa anakula vizuri, analala, hesabu anapata mia kwa mia. Majirani huja kumpongeza mama: mwanao kapona, mshukuru Mungu. Bi Mkasi hushukuru. Halafu huingia jikoni, akajiziba mdomo kwa kanga na kulia, kwa sababu mtoto aliyemzaa alifukuzwa na mama yake mwenyewe, naye akatii.