Figa la Uwanja wa Ndege

Kila mkija mnataka habari za Havyarimana. Shikamoo haijaisha mdomoni, mshaanza kuuliza! Haya, nasema mara moja, na mwoga aende kuchuma mboga.

Havyarimana alikuwa jirani yangu. Shamba lake lilipakana na uwanja wa ndege wa vumbi, upande wa kuelekea Murungu. Ndege zenyewe huku ni za kubahatisha. Mawe yaliyopakwa chokaa, mistari miwili, yanamwonyesha rubani pa kutua. Kila msimu wa maharage Havyarimana aliyasogeza ya upande wake hatua mbili, apate matuta. Uwanja usionekane umepungua, akasogeza na ya ng'ambo, hadi kwenye udongo laini wa bondeni. Jiwe moja likabaki. Akampa mkewe Immakulata, likawa figa.

Nikamwambia, "Ewe, jiwe la mpaka halipikiwi."

Akacheka. "Bibi, kwani ndege inakula maharage?"

Jumatano moja, jua la saa nane, kikaja kindege cha kujifunzia. Ndani alikuwa Asmahani, binti wa Dadi muuza vitenge wa Kasulu, anajifunza urubani. Siku hiyo alikuwa peke yake. Akashukia katikati ya mawe, kama alivyofundishwa. Gurudumu la kushoto likazama. Kindege kikabinuka.

Tulipofika alikuwa ameshakufa. Mkono wake ulikuwa nje ya dirisha, umefumbata udongo.

"Watoto wa siku hizi hawajui kutua," akasema Havyarimana. Mimi niliyejua nikanyamaza. Hilo nitajibu mwenyewe siku yangu.

Arobaini haijafika, maharage ya Immakulata yakakataa kuiva. Moto kutwa, punje ngumu kama changarawe. Na kila saa nane, ngurumo ya injini inashuka juu ya bati. Ukitoka nje, mbingu tupu. Chungu kinatikisika. Figa, lililokwisha kuwa jeusi kwa masizi, likaanza kutoka chokaa.

Immakulata akanong'ona, "Lirudishe, baba Reverien."

"Nikiling'oa nakufa."

Kwetu figa haling'olewi mwenye nyumba akiwa hai. Havyarimana akarudisha mawe mengine yote, pande zote mbili. Lile akaliacha.

Kesho yake tukakuta alama uani. Magurudumu matatu, hadi mlango wa jiko. Za kurudi hakuna.

Immakulata akambeba mwanawe Reverien, akaenda kwao Kakonko. Jiko likazimika.

Siku ya tatu, saa nane, ngurumo ikashuka. Haikupita. Ikazimikia jikoni.

Havyarimana akatoka, figa kifuani. Anatembea kama anayesukumwa.

"Havya!" nikaita.

Hakugeuka.

Tulimkuta uwanjani, kwenye pengo la jiwe lililokosekana. Amepiga magoti. Mweupe wa chokaa, nywele hadi kucha. Hapumui. Jiko lake halikuwa limeona moto siku tatu, lakini viganja vyake vilikuwa vimeungulia kwenye jiwe.

Tulishindwa kuvibandua. Tukamzika palepale, na figa lake. Shamba likaota nyasi, nyumba ikaanguka. Kwa hatua mbili za maharage.