Geji za Gari la Babu

Kila Jumamosi, Sihaba akishatoka chuo cha Kurani, alichukua ndoo na kitambaa akaenda kuliosha gari la babu. Mtaa mzima wa Dunda uliliita hivyo, ingawa babu mwenyewe alikuwa amefariki na mwendeshaji sasa alikuwa baba yake Sihaba, Bwana Rajabu, muuza nguo. Lilikuwa gari la kijani lenye taa za mbele za duara, na viti vyake vya ngozi vilikuwa vimeanza kupasuka. Bibi Biubwa, mjane wa babu, alilipenda mno. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, haoni ila ukungu, lakini gari likiingia uani alilijua kwa mngurumo wake.

Mwaka ule wa 1971 gari liliponea chupuchupu. Taa ndogo nyekundu ya oili, iliyokuwa kwenye dashibodi, iliungua bila mtu kujua. Oili ikapungua, taa isiwake. Baba alitambua pale tu injini ilipoanza kugonga.

"Taa hizi nimechoka nazo," alisema. "Ikiwaka, mambo yameshaharibika. Ikiungua, huambiwi hata neno moja. Nataka geji zenye mishale, nione oili ikianza kushuka, maji yakianza kupata joto, betri ikianza kuchoka."

Alizipata kwa fundi mmoja mjini Dar es Salaam, geji tatu zilizotumika lakini nzima. Jumamosi iliyofuata alizifunga kwenye kipande cha bati chini ya dashibodi. Sihaba, aliyekuwa darasa la sita, alimshikia spana, akasafisha vioo vya geji kwa pindo la kanga.

Geji ya oili ilikuwa na mrija mwembamba wa shaba. Mrija huo ulitoka kwenye injini, ukapita katika tundu la bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, ukaishia nyuma ya geji.

"Mkono wangu hauingii hapa," alisema baba. "Upitishe wewe. Lakini kwanza tia mpira huu wa mviringo kwenye tundu. Bila mpira, bati litausugua mrija mpaka liutoboe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Baba akaenda kunawa, maana muda wa swala ulikuwa umekaribia. Mara Zaina, rafiki yake Sihaba, akapiga kelele kutoka nje: "Sihaba! Rede inaanza, bado wewe tu!"

"Nakuja!" alijibu Sihaba, na papo hapo mpira ukamponyoka, ukatumbukia katikati ya vyuma vya injini. Akaingiza mkono huku, akachungulia kule, hakuuona. Akaona haya kumwambia baba kwamba kitu kidogo kama kile kimemshinda. Akaupitisha mrija vivyo hivyo, bila mpira.

"Tayari?" aliuliza baba aliporudi. "Mpira umeutia?"

"Nimeutia," alisema Sihaba, akakimbilia rede, mchezo wa kukwepa mpira. Siku hiyo alipigwa mpira wa kwanza kabisa, akatoka.

Baba aliunganisha mrija, akawasha injini. Mshale ukapanda taratibu na kusimama pazuri. Alifurahi kama mtoto, akamwita kila jirani aje kuutazama.

Muda si mrefu ikafika siku ya bibi kupasuliwa macho hospitalini Dar es Salaam. Aliingoja kwa muda mrefu, kwani alikwisha kuikosa mara moja kwa sababu ya mvua. Walitoka Bagamoyo asubuhi, baba kwenye usukani, bibi na Sihaba nyuma. Barabara ilikuwa mbovu, gari likitetemeka mpaka vioo vikilia.

Walipoipita Kerege, Sihaba aliona mshale wa oili ukishuka kidogo. Baba naye aliuona. Akagonga kioo cha geji kwa kidole.

"Bado haijakaa sawa hii," alisema. "Geji yenyewe ya mkono wa pili. Tusisimame, daktari anaondoka saa sita."

Mshale ukashuka tena. Harufu ya oili ikaingia ndani. Sihaba akaukumbuka ule mpira. Akisema, baba atajua kwamba alimdanganya. Asiposema, gari litakufa njiani na bibi atarudi na ukungu wake.

Bibi akampapasa mkono. "Mbona una jasho, mjukuu wangu? Unaumwa?"

"Siumwi, bibi." Kisha akasema kwa nguvu, "Baba, simama! Geji si mbovu. Mpira sikuutia. Ulianguka, nikakwambia uongo!"

Baba akazima injini pale pale, gari likajiendea mpaka ukingoni mwa barabara. Alipofungua boneti, oili ilikuwa imetapakaa kila mahali. Mrija ulikuwa umetoboka pale ulipopita kwenye bati.

Baba akachukua zana zake. Alikata mrija upande wa injini, akaukunja mara mbili, akaugonga kwa nyundo mpaka ukaziba. Akaongeza oili kutoka kopo alilokuwa nalo kwenye buti. Sihaba alimshikia kopo huku machozi yakimdondoka. Kisha wakaendelea polepole, baba akiisikiliza injini kwa makini. Daktari walimkuta anavua koti. Alimtazama bibi, akalivaa tena.

Walipokuwa wakisubiri barazani, Sihaba alisema, "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Na mimi nina langu, nilipaswa kukagua," alisema baba. "Kilichoniuma si mpira, Sihaba. Ni kwamba uliniogopa."

Bibi alirudi nyumbani baadaye na miwani minene. Alimwita Sihaba, akamshika mashavu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una kidoti hapa shavuni," alisema, "kama cha babu yako!"

Kesho yake baba alileta mrija mpya na mpira mwingine. Bibi akawekewa kiti uani ili aone kazi ikifanyika. Sihaba alirudi nyuma akidhani hatapewa kazi ile tena, lakini baba akamtilia vitu vyote viwili mkononi.

"Mwanangu," alisema, "kosa ukiniambia likiwa dogo, tutalitengeneza pamoja. Ukilificha, halikai pale ulipoliacha. Linaendelea na kazi yake kimya kimya, kama bati lile lilivyokuwa linausaga mrija bila sisi kujua. Barabarani ulisema ukweli huku unaogopa, na ndiyo maana bibi yako anakuona leo. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Haya, ingiza mkono."