Dakika Mbili za Mama Funguo

Mama Funguo alikuwa anaifuta seva vumbi. Kila asubuhi, kabla mabenchi hayajajaa wagonjwa, alifungua kile chumba kidogo kilicho mkabala na wodi ya wazazi, akapitisha kitambaa kikavu juu ya mashine, na asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza, akaifunika kifuniko cha uzi wa sufu alichokifuma kwa mkono wake. Kilikuwa cha bluu, chenye maua pembeni.

"Inasikia baridi?" nilimtania kutoka dirisha la dawa, ninapofanya kazi.

"Wewe gawa vidonge vyako," alinijibu, tukacheka.

Siku hiyohiyo, saa sita mchana, seva ikazimika.

Ndugu zangu, mnisikilize bila haraka ya kulaumu. Kituo chetu cha afya huweka kadi zote za wagonjwa ndani ya mashine ile. Mama Funguo hakusomea kompyuta. Alikuwa karani wa mapokezi. Fundi alipohama, alielekezwa kazi kwa siku mbili, akakabidhiwa funguo, na jina likaanzia hapo. Mengine alijifunza mwenyewe, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Aliiwasha, ikawaka. Hakumwambia mtu. Kesho yake mchana ikazimika tena, na keshokutwa pia. Wiki ya pili akaandika kwenye kundi la mafundi la simuni: "Seva inazimika. Nifanye nini?"

"Iwashe," mmoja akajibu.

"Ipe uji," akasema mwingine, na vicheko vikafuata.

Mmoja tu, fundi aliyejiita Dada Waya, aliuliza: "Inazimika saa ngapi? Na skrini inaandika nini kabla ya hapo?" Mama Funguo aliona kama anatahiniwa mbele za watu. Hakumjibu. Badala yake akamsikiliza aliyesema afute mafaili yasiyo na kazi, akafuta hata yale ambamo mashine hujiandikia yenyewe kila kinachoipata. Siku hiyohiyo akabadilisha waya, akachomoa hiki, akachomeka kile. Hata kama ingepona, asingejua kilichoiponya.

Alhamisi ilizimika saa tano, na safari hii ikagoma kuwaka. Mama Funguo alijifungia chumbani, akazima simu ili asiulizwe na mtu.

Muuguzi akagonga. "Mama Funguo! Kadi hazifunguki, nina mzazi hapa!"

"Dakika mbili!"

Akagonga tena.

"Dakika mbili, jamani!"

Mara ya tatu hakugonga. Mzazi alikuwa na homa kali, uchungu umeshika kasi, na hakuelewa tena anachoulizwa. Shemeji yake aliyemleta alikuwa nje, anampigia mkewe simu isiyopatikana. Kadi ya karatasi ilikuwa kwenye maboksi, katikati ya mamia ya nyingine. Muuguzi akaja dirishani kwangu kuchukua sindano tunayoitumia siku zote kwa homa za namna ile. Mimi ndiye niliyempa.

Midomo ya mzazi ilianza kuvimba. Kisha koo.

Mlango wa chumba cha seva ulifunguka pale mume wa Mama Funguo alipopiga kelele koridoni: "Mdogo wako! Mdogo wako hapumui!"

"Mmempa nini?" Muuguzi akataja dawa. Mama Funguo akashika kichwa. "Si hiyo! Ana mzio nayo hiyo! Niliiandika mwenyewe kwenye kadi yake mwezi huu!"

Kati ya mlango ule na kitanda cha mdogo wake kuna hatua kumi na mbili. Nilizipima baadaye, mara mbili, kwa sababu sikuamini.

Daktari alimwahi. Mtoto alizaliwa analia, na mama yake akarudi kupumua, ila sauti ilimpotea kwa siku tatu.

Alasiri ile Mama Funguo alimpigia Dada Waya. Aliweka simu juu ya meza, nami nikasikia.

"Nieleze toka mwanzo," alisema Dada Waya. "Usinipe unachodhani. Nipe ulichokiona."

Akaeleza: inazimika mchana, kadi zinapofunguliwa kwa wingi. Akataja alivyofuta, alivyochomoa, na kwa mpangilio gani. Wala hakujipunguzia.

"Na kabla haijaanza kuzimika, kitu gani kilibadilika humo chumbani? Hata kama ni kidogo."

"Hakuna. Labda kifuniko tu. Nilikifuma kuzuia vumbi."

"Kinafunika matundu ya feni?" akauliza Dada Waya.

Mama Funguo alikivuta kifuniko kile. Kilikuwa na joto kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Akakaa chini, sakafuni.

Diski ilikuwa imeumia kwa kuzimika ovyo. Nakala ya akiba ilikuwa ya wiki tatu nyuma; yote yaliyoandikwa tangu hapo yalipotea, ikabidi yachapwe upya kutoka kwenye karatasi za maboksini.

Siku ya nne, mdogo wake alipopata sauti ya kukwaruza, Mama Funguo alimwambia yote, hata zile dakika mbili.

"Kwa hiyo, dada, nilitaka kufa kwa sababu umeifumia kompyuta sweta?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa hapo mlangoni."

"Nilikuwa hapo."

Akageukia ukutani. Kisha, bila kumtazama: "Kadi yangu iandike ya kwanza. Herufi kubwa."

FUNZO

Ndugu zangu, kutojua hakukumwangusha mtu hapa. Aliyepewa kazi asiyoijua aseme mapema kwamba imemshinda. Akiomba msaada, ataje kilichotokea, saa ngapi, skrini imesema nini na yeye amegusa nini, na kile anachokionea aibu akitaje kwanza. Abadili kitu kimoja, atazame, ndipo aguse kingine. Anayeulizwa naye asijibu kwa kicheko. Nami nilikiona kifuniko kile kila asubuhi, nikakifanyia mzaha.

Sasa jioni imeingia. Kadi ya mdogo mtu imeshaandikwa, kwa herufi kubwa. Mama Funguo ananisomea karatasi za boksi la pili, nami nachapa. Yamebaki maboksi saba. Anaacha mlango wazi, anaweka alama kwenye karatasi tuliyoishia. Tutaanzia hapo kesho.