Mguu wa Bibi Marietha

"Achia kamba, shemeji!"

"Achia wewe, Mama Damari! Maksai huyu hauzwi!"

Maksai mwekundu alisimama katikati yao akicheua, kana kwamba ugomvi haukumhusu. Martina, mama yake Damari, alikuwa ameishika kamba karibu kabisa na pembe. Shemeji yake, Fabiano, aliishika mwishoni na kuivuta, visigino vyake vimezama kwenye vumbi. Kando yao alisimama Filipo, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Manyoni, akichokonoa meno kwa kijiti na kungoja mshindi.

"Mkimaliza kuvutana mtaniita," alisema Filipo. "Lakini msichelewe. Jua halinisubiri."

Damari alikuwa mlangoni kwa bibi yake, amebeba karai la maji ya chumvi. Alikuwa darasa la sita, na kila asubuhi kabla ya kwenda shule kazi yake ilikuwa kuosha kidonda cha Bibi Marietha na kubadilisha kitambaa. Haikuwa kazi ya kupendeza. Mguu wa kulia wa Bibi ulichomwa na mwiba wakati wa palizi. Baba Mkubwa Fabiano akashauri upakwe mavi ya ng'ombe, na sasa vidole vyote vilikuwa vyeusi. Nzi waliufuata mguu huo ndani na nje. Harufu yake iliingia kwenye blanketi, kwenye kibuyu cha maziwa, hata kwenye nywele za Damari. Siku nyingine alitapika nyuma ya nyumba, akasukutua mdomo, akarudi kumalizia.

Lakini asubuhi hiyo kilichomchukiza hakikuwa mguu.

"Watu wakija kumzika mama yangu tutawalisha nini?" Baba Mkubwa alipaza sauti. "Uji? Unataka tuchekwe kuanzia hapa Issuna mpaka Singida? Maksai huyu nimemnenepesha kwa ajili ya msiba!"

"Msiba wa nani? Mtu yuko hai, jana amekula ugali!"

"Amekula nusu. Huyo anakwenda, Mama Damari. Usijidanganye."

Karibu na miguu yao palitandikwa mkeka mkubwa uliojaa kimea cha mtama, kinakauka juani. Baba Mkubwa alikuwa amewaambia majirani kwamba ni cha pombe ya mavuno. Damari alijua ni cha pombe ya msiba, maana alimsikia akimwambia hivyo mkewe. Kimea cha msiba wa Bibi kilianikwa mbele ya mlango wa Bibi, na kila asubuhi Bibi aliuliza kama kuku hawajakidonoa.

Jambo jingine lilimchukiza Damari zaidi. Ugomvi huo ulikuwa kwa Kiswahili. Nyumbani kwao walizungumza Kinyaturu tangu kuamka hadi kulala, lakini neno lolote lililomhusu Bibi lilihamishiwa kwenye Kiswahili, kwa sababu Bibi hakukijua. Mama, aliyekuwa akifundisha kisomo cha watu wazima jioni, alikisema vizuri. Baba Mkubwa alikisema kwa kelele. Walimgombania mtu mbele ya mlango wake mwenyewe, kwa lugha ambayo haisikii.

"Damari," Bibi aliita kutoka ndani. "Wanasema nini huko nje?"

"Wanazungumza juu ya ng'ombe, Bibi."

"Ng'ombe wangu amefanya nini?"

 Damari aliingia, akaweka karai chini, akaanza kufungua kitambaa. 

Wiki iliyopita walikwenda zahanati, yeye, Bibi na Baba Mkubwa. Bwana Chrispin, mganga wa zahanati, alikuwa mgeni kutoka kusini na Kinyaturu hakukijua, kwa hiyo Damari alikuwa mkalimani. Chrispin aliutazama mguu kwa muda mrefu.

"Mwambie Bibi yako kwamba nyama imekufa," alisema. "Hospitali ya misheni watalazimika kuukata chini ya goti. Huenda akapona, huenda asipone. Akikaa nyumbani, sumu itapanda mwilini na itamuua. Mwambie yote."

Baba Mkubwa alimfinya Damari begani. "Mwambie ni uzee," alinong'ona. "Mwambie kidonda cha mzee huchelewa kupona."

Damari akamwambia Bibi ni uzee. Chrispin alipouliza kama amemaliza kueleza, akaitikia ndiyo.

Jioni alimweleza mama yake ukweli akidhani atatua mzigo. Mama alikasirika sana, akatembea huku na huku uani. Baba yake Damari alikuwa Itigi, kwenye kazi ya reli, na Mama hakuwa mtu wa kungoja. Alituma mtu kumwita Filipo aje anunue maksai, ipatikane pesa ya hospitali. Kisha akamwambia Damari, "Na wewe usimwambie Bibi kitu. Akisikia habari ya kukatwa atakataa. Tutamweleza tukishafika."

Hivyo watu wazima wawili waliochukiana kwa jambo lile lile walimpa Damari agizo moja: nyamaza.

Nje, kamba ilivutwa tena. Maksai alikoroma.

"Utampeleka akakatwe kama kuni?" Baba Mkubwa aliuliza. "Azikwe nusu? Akifia huko kwa watu, nani atamrudisha? Mama ni mzee. Mwache afe kwake."

"Nimeshaamua. Anakwenda leo, na lori la ushirika."

"Umeamua wewe kama nani? Wewe umeolewa tu hapa! Mama ni wangu!" Baba Mkubwa alifunika pua kwa ukosi wa shati, kama alivyofanya kila alipokaribia mlango ule, ingawa maziwa ya ng'ombe wa Bibi aliyanywa kila siku bila kufunika chochote. "Hebu vuta hiyo hewa. Mtu anayenuka hivi ameshakuwa maiti. Imebaki pumzi tu."

Filipo aliacha kuchokonoa meno. 

  Damari alimtazama Bibi, aliyekuwa akimtazama yeye, macho makavu, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza mvua ya mbali.

"Si ng'ombe peke yake," Bibi alisema. "Uso wako unaniambia si ng'ombe peke yake."

"Bibi, wanagombana juu yako."

Kisha akamfasiria. Alianza na maksai wa msiba, akaja kwenye kimea. Akasema kwamba Mama anataka kumpakia kwenye lori bila kumweleza anakwenda kufanywa nini. Mwisho akasema neno la Baba Mkubwa kuhusu maiti, na hapo sauti yake ikakatika.

"Rudia hilo la mwisho."

Damari akarudia.

Bibi Marietha alipitisha kiganja juu ya goti lake. "Fabiano alipokuwa mdogo aliharisha karibu afe," alisema. "Nilimbeba mgongoni, anachafua nguo zangu, naosha, anachafua tena. Sikumwita maiti." Akamgeukia Damari. "Na Chrispin? Siku ile alisema nini kweli?"

"Hakusema ni uzee, Bibi. Mimi ndiye nilisema. Nisamehe."

Akaeleza yote: nyama iliyokufa, kukatwa, huenda na huenda, sumu itakayopanda. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Bibi hakumgombeza wala hakumbembeleza. Alijikokota hadi mlangoni kwa makalio, mguu mbovu ukiburutwa nyuma yake, nzi wakiruka, akaketi kizingitini mbele ya watu wote.

"Fabiano. Mama Damari. Sogeeni hapa. Na mzungumze Kinyaturu."

Kamba ililegea.

"Damari!" Baba Mkubwa alifoka. "Nilikuambia nini wewe?"

"Kumbe ulimwambia," alisema Bibi. "Nilidhani mtoto ndiye mwongo. Kumbe uongo una baba."

Filipo, ambaye Kinyaturu alikisikia kidogo, aligeukia upande akakohoa kuficha kicheko.

"Mama, mimi nilikuwa nakuonea huruma," Baba Mkubwa alianza. "Visu vya hospitali, kwa umri wako..."

"Huruma gani inayoanika kimea mlangoni kwangu? Ningekufukuzia kuku mpaka siku ya kufa, nisijue kwamba nalinda pombe ya kunizika!"

Mama aliinua kidevu. Alidhani zamu yake ya kusifiwa imefika. "Ndiyo maana mimi, Mama, nilisema lazima uende. Kila kitu nimeshapanga."

"Wewe ulitaka nikalale kitandani kwa watu, niamke nikiwa na mguu mmoja," alisema Bibi. "Huyu ananizika mzima, wewe unanikata nikiwa nimelala. Tofauti yenu ni nini?"

Mama alishusha kidevu. 

"Nina maswali," Bibi aliendelea. "Wakikata, nitatembea?"

"Kwa gongo, Mama," Mama alijibu polepole. "Si mbali. Mpaka uani, mpaka kwa jirani."

"Nitalima?"

"Hapana. Lakini unaweza kukaa ukapura mtama, ukasuka vikapu."

"Na wakikata, kweli nitapona?"

 Damari ndiye aliyejibu. "Bwana Chrispin alisema huenda, Bibi. Hakusema hakika."

"Na nikikaa?"

"Alisema sumu itakuua."

Bibi aliutazama mguu wake. Kuku mmoja alikuja akaanza kudonoa kimea, na hakuna aliyemfukuza. Katika nyumba zilizopangwa mistari za kijiji kipya cha ujamaa, majirani walikuwa wamesimama milangoni wakijifanya wanafagia. Kutoka ghalani ilisikika sauti ya vijana wakipakia magunia ya alizeti kwenye lori la ushirika. Damari aliomba kimoyomoyo Bibi aseme ndiyo. Lakini aliufunga mdomo wake kwa nguvu, maana alijua jibu hilo si lake.

"Nitakwenda," alisema Bibi Marietha. "Wakate mara moja. Mguu huu hata mimi unanichukiza. Ninyi mnanusa mkipita, mimi nalala nao. Lakini sikilizeni. Wakisema mara moja haikutosha, wanataka kupanda juu tena na tena, sitaki. Hapo mnirudishe nyumbani, na asiwepo mtu wa kunibishia. Mmesikia?"

"Tumesikia," alisema Mama.

"Fabiano?"

"Nimesikia, Mama."

"Filipo! Maksai anauzwa, na mwenye kumuuza ni mimi. Alizaliwa na ng'ombe niliyepewa na kaka yangu. Bei utapatana na mimi, na pesa utaiweka mkononi mwangu. Damari, mwambie hivyo kwa Kiswahili, asije akasema hakuelewa."

Damari akamwambia neno kwa neno. Filipo aliondoa kofia, akachuchumaa mbele ya kizingiti, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akasema, "Shikamoo, Mama." Walipatana papo hapo. Bibi hakuwa mwepesi. Filipo alipangusa jasho mara mbili. Pesa ikafungwa kwenye ncha ya kanga, na maksai mwekundu akaondoka akifuata kamba, bila kugeuka.

"Kimea je?" Baba Mkubwa aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kipikiwe togwa, watoto wanywe," alisema Bibi. "Na sasa nibebe."

"Mimi?"

"Kwani nimezaa watoto wangapi walioko hapa? Mwenzako yuko Itigi. Inama."

Baba Mkubwa Fabiano aliinama. Damari aliufunga mguu kwa kitambaa safi, na Mama akamsaidia Bibi kupanda mgongoni kwa mwanawe. Mguu mweusi ulining'inia pembeni, karibu na mkono wake. Usaha ulipenya kitambaa ukamwingia kwenye shati. Aligeuza uso, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini mikono yote miwili ilikuwa imemshika mama yake, na hakuwa na mkono wa kufunikia pua. Alitembea hivyo mbele ya nyumba zote, majirani wakitazama, mpaka ghalani.

Dereva alikuwa tayari amewasha lori. Vijana waliwapandisha Bibi na Damari juu ya magunia ya alizeti, na Mama akapanda na blanketi, sufuria na unga. Baba Mkubwa alibaki chini, shati limelowa, akimtazama mama yake kana kwamba ana neno.

"Fukuza kuku," Bibi alimwambia. "Na ukamwambie mwalimu wa Damari kwamba nimemchukua."

Mama alimvuta binti yake karibu.

"Damari, mimi nilikukosea," alisema. Hakuwa na mazoea ya kusema hivyo, na alisema haraka. "Nilijiona mwema kwa sababu nilitaka Bibi apone. Baba yako mkubwa alitaka afie nyumbani, yeye asije akachekwa msibani. Lakini wote tulikuwa tunaamua juu ya mguu usio wetu. Mzee mwenye akili zake ndiye wa kuamua juu ya mwili wake. Kazi ya sisi wengine ni kumweleza ukweli wote, hata ule unaotisha, kisha kumsaidia kutimiza alichosema. Mkubwa akikuagiza kumficha mgonjwa ugonjwa wake, hata nikiwa ni mimi, usikubali."

"Ndiyo, Mama."

Dereva alichungulia dirishani na kupiga kelele.

"Anasema nini?" Bibi aliuliza.

"Anasema barabara ni mbaya, tushikane vizuri."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna, Bibi. Ni hayo tu."

"Basi nishike," alisema Bibi Marietha, na lori likaondoka.