Yunisi Asoma Peke Yake

Kila asubuhi, katika darasa la tano la shule moja ya Buzebazeba, karibu na ziwa, mwalimu alisoma sentensi na wanafunzi wote wakaitikia. Sauti ya Yunisi ilizishinda zote, na wenzake walimwona bingwa. Kumbe alisoma kwa masikio. Akitazama kitabu, herufi zilipandana na mistari ikamchezea machoni, kwa hiyo aliyakariri maneno kama yalivyotamkwa.

Siku moja Mwalimu Agnesi, mgeni shuleni hapo, alisema, "Leo hatuitikii. Kila mtu atasoma peke yake."

Dawati la kwanza lilisoma, la pili likafuata. Wingu zito lilikuwa limetanda kutoka ziwani na darasa likaingia giza. Yunisi aliomba mvua ishuke, ipige bati mpaka watu wasisikilizane, lakini haikushuka.

Zamu yake ilipofika alisoma haraka, bila kukosea hata neno. Pastory, jirani yake wa dawati, akaangua kicheko. "Mwalimu, hiyo ni sentensi ya jana! Tena ukurasa alioufungua una picha tupu!"

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Baba yake, Mzee Bonaventura, alikuwa amekaa mlangoni.

"Miaka yote hiyo unanidanganya?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Kichwa chako kizito. Jumamosi unapanda boti kwenda Mwamgongo, ukaanike dagaa na shangazi yako. Shule basi."

Yunisi aliogopa sana. Dada yake Leonia aliondoka hivyo hivyo, na hakuvaa sare tena.

Kesho yake Mwalimu Agnesi alimwita pembeni. "Mwanangu, ukitazama maandishi unaona nini?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Yanatembea, mwalimu," alisema, machozi yakimtoka. "Nilificha kwa sababu ya aibu. Sasa Jumamosi baba ananipandisha boti kwenda Mwamgongo."

Mwalimu alikata tundu jembamba kwenye kipande cha boksi, akakiweka juu ya kitabu ili uonekane mstari mmoja tu. Akamwandikisha herufi mchangani kwa kidole, moja moja, huku akiitamka kila moja. Walirudia hivyo kila siku baada ya masomo, bila haraka.

Jumamosi ilifika. Ufukweni Kibirizi, mzigo wa Yunisi ulikuwa tayari ndani ya boti na injini inanguruma. Mwalimu Agnesi alikuja mbio, kitabu mkononi.

"Shikamoo, mzee. Msikilize kwanza."

"Marahaba. Amekariri tena, huyo."

"Basi chagua ukurasa wewe mwenyewe."

Mzee alichagua. Yunisi aliweka boksi lake. Nahodha aliita abiria wa mwisho. "Ma-ma... a-li-pa-nda..." Alikwama, jasho likamtoka. Nahodha akaita tena. "...mi-ho-go. Mama alipanda mihogo!"

Mzee Bonaventura aliutazama mstari ule. Kisha akaingia majini na suruali yake, akateremsha mzigo. Boti ikaondoka.

"Nilidhani ni uvivu," alisema taratibu.

"Si mvivu wala si mjinga," mwalimu alijibu. "Anajifunza kwa njia nyingine, nasi walimu tulimpima kwa sauti ya darasa zima. Na wewe Yunisi, shida ukiificha, nani atakusaidia?"

"Nimekoma, mwalimu."

"Na mimi nyumbani nifanyeje?" mzee aliuliza.

"Kaa naye akisoma. Akikwama, usimsemee. Msubiri."