Samy Akifungwa Tai

Hili lilimpata rafiki yangu Lukeba, mpiga video wa Rumonge, miaka ya vita. Mama Samy alimjia na ombi kuhusu video ya harusi ya mwanawe aliyoipiga.

"Mutoto wangu, toa ile masasi yote. Kwa matanga nataka nione Samy wangu anacheka tu."

Samy alipigwa risasi ya shingo kwenye harusi yake mwenyewe, kamera ikiwaka.

Lukeba alifunga madirisha, jenereta ikinguruma nje. Njia ya mkato aliijua: kwenye kompyuta ukibonyeza S, video inakatika palepale, kisha unafuta usichokitaka. Akakata kabla ya mlio wa kwanza, akafuta, akarudisha nyuma ahakikishe.

Samy alikuwa akikata keki. Risasi ikalia, damu ikaruka hadi kwenye gauni la bibi harusi.

"Ee Yesu, nimekata vibaya."

Akakata kabla ya keki. Samy akaanguka akicheza. Akakata tena. Akaanguka mlangoni pa kanisa, akikoroma.

Kikabaki kipande kimoja tu: asubuhi, nyumbani, Mama Samy akimfunga mwanawe tai. Lukeba akaondoa kidole kwenye S. Hapakuwa na mlio wowote. Samy alikuwa anacheka, na chini ya vidole vya mama yake kola nyeupe ilikuwa inalowa wekundu.